Uhondo wa njiani Bonde la Ufa: Nyama ya Kikopey, yogati ya Naivasha na asali ya Marigat

MSAFIRI anayetoka Nairobi kuelekea Nakuru hutambua jambo moja mapema. Katika barabara hii, chakula hakimngoji mtu mjini, humlaki njiani. Kabla gari halijaanza kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa, wachuuzi wa plamu, mapeasi na karoti huwa wamekwisha kufika dirishani. Kabla ya machweo, msafiri huyo huyo aweza kuwa amekula mbuzi wa kuchoma, amekunywa yogati na kutia mkobani chupa ya asali ya kuwapelekea jamaa nyumbani.

Umbali wa Nairobi hadi Nakuru ni kilomita 160 hivi. Ni mwendo wa saa mbili na nusu au tatu barabara ikiwa wazi, na mwendo usiokadirika wakati wa Krismasi, Pasaka na siku za kufunguliwa kwa shule. Desturi ya kusimama na kula haikutokana na uchu pekee. Ilitokana na uchovu wa madereva, injini zilizochemka kwa kupanda miinuko, watoto waliohitaji kwenda haja na malori yaliyohitaji kupoza breki. Palipokuwa na kituo cha lazima, alitokea mama wa chai. Palipokuwa na mama wa chai, baadaye palifunguliwa bucha.

Mgeni asiyezoea Kiswahili cha Kenya anafaa kujua kwamba neno "hoteli" huku si lazima limaanishe mahali pa kulala. Chumba chenye meza tatu, birika kubwa na sinia la mandazi ni hoteli, na mara nyingi ndicho chenye chakula kitamu kuliko jumba la ghorofa lililo mkabala nacho.

Kutoka ukingoni hadi Naivasha

Barabara mbili hushuka bondeni kutoka Nairobi. Ya juu hupitia Limuru, Kimende na Kinungi, na ndiyo inayopendwa na magari madogo. Ya chini hupitia Mai Mahiu na kutumiwa sana na malori. Katika barabara ya chini kuna kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitaliano waliotengeneza barabara hiyo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mji wenyewe wa Mai Mahiu, ambao jina lake ni "maji moto" kwa Kikuyu, umeishi kwa kuwalisha madereva wa masafa marefu: ugali, nyama ya kukaanga, maharagwe, chapati na chai ya rangi usiku wa manane. Aprili 2024 mafuriko yaliikumba sehemu ya eneo hilo na kuua makumi ya watu.

Barabara ya juu ni ya mboga na matunda. Soko Mjinga, sokoni ambako wakulima wa Kinangop na sehemu nyingine za Nyandarua huuza viazi, kabichi, karoti na njegere, ni mahali pa kupita wakati wa kurudi Nairobi, si wakati wa kwenda. Anayenunua gunia la viazi asubuhi atalibeba mchana kutwa. Matunda ya kula garini ndiyo ya kununuliwa wakati wa kwenda, na plamu zilizoiva vyema hazihitaji kusifiwa na muuzaji. Harufu yake hutosha. Yafaa yaoshwe kwanza. Maji ya chupa yanatosha kwa kazi hiyo.

Mahindi ya kuchoma huuzwa kotekote. Siri yake ni kuyachagua yakiwa mabichi na kumtaka muuzaji ayachome papo hapo, kwani yale yaliyopangwa kando ya jiko tangu asubuhi hugeuka kuwa kazi ya meno. Limau lililochovywa katika chumvi na pilipili hutolewa bila malipo, na asiyelipaka hajala mahindi ya barabara hii.

Naivasha, kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, ina sifa ya maziwa. Jina linalotajwa na kila familia inayosafiri ni Delamere, kituo kilicho kando ya barabara kuu ambapo kwa miaka mingi watu wamesimama kununua yogati, maziwa na nyama. Jina hilo ni la ukoo wa walowezi wa Kiingereza. Lord Delamere wa tatu, aliyekuja mara ya kwanza katika nchi hii mwaka 1897, alipewa ardhi kubwa Njoro na baadaye akajipatia nyingine Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, ambako alizikwa mwaka 1931. Historia ya ardhi hiyo ni chungu kwa Wamaasai waliohamishwa kutoka malisho yao ya Bonde la Ufa kufuatia mikataba ya mwaka 1904 na 1911. Anayekunywa yogati hiyo ya stroberi akitazama uwanda wenye nyasi anakunywa pia sehemu ya historia hiyo, ajue asijue. Siku hizi yogati yenye nembo ya Delamere hutengenezwa na kampuni ya Brookside na huuzwa katika maduka ya nchi nzima, lakini wasafiri wangali wanasimama Naivasha kuinunua, kana kwamba ile ya dukani mtaani kwao si ile ile.

Walio na muda hutoka barabara kuu na kufuata ile inayozunguka ziwa hadi Karagita na Kamere, ambako samaki huuzwa wakiwa wabichi au wamekaangwa. Wateja wengi huomba tilapia. Hata hivyo, aliyepata kuvuliwa kwa wingi kuanzia miaka ya 2000 ni karpi, samaki wa kigeni mwenye magamba makubwa na miiba mingi, aliyeonekana ziwani humo mwanzoni mwa muongo huo. Ni mtamu akikaangwa kwa mafuta mengi, na wanaozoea kumla wanasema hana haja ya kuonewa aibu mbele ya tilapia. Tatizo ni miiba tu. Si samaki wa kuliwa na mtu mwenye haraka, wala wa kumpa mtoto ndani ya gari linalokwenda.

Kikopey, makao makuu ya nyama choma

Baada ya Gilgil, zikisalia kilomita 30 hivi kufika Nakuru, moshi hutangulia kuonekana. Hapo ni Kikopey. Pande zote za barabara zimejaa bucha zenye madirisha ya vioo, mizoga ya mbuzi na kondoo ikining'inia, na vijana waliovaa makoti meupe wakipunga mikono kuwavuta madereva. Hakuna mahali pengine katika barabara ya kwenda magharibi mwa Kenya palipojijengea jina kwa chakula cha aina moja kiasi hiki.

Jina la kituo limetokana na Kekopey, shamba kubwa la mifugo la mlowezi Galbraith Cole, ndugu ya mke wa Lord Delamere. Shamba hilo lilienea hadi Ziwa Elmenteita, penye chemchemi za maji moto. Kuanzia mwaka 1972 mtafiti Mmarekani Shirley Strum aliwachunguza nyani wa shamba hilo, na kazi yake ikajulikana ulimwenguni. Kisha shamba likauzwa, wakulima wadogo wakapewa vipande, mahindi yakapandwa na nyani wakaanza kuyavamia. Mwaka 1984 ilibidi wahamishiwe Laikipia. Kwa hiyo mahali hapa palipata kuwa uwanja wa ugomvi kuhusu nani ale nini, muda mrefu kabla mbuzi wa kwanza wa msafiri hajawekwa kwenye makaa.

Sababu za nyama choma kustawi hapa si za kimiujiza. Kituo kiko mahali ambapo msafiri wa Eldoret, Kisumu au Kakamega, aliyeondoka Nairobi asubuhi, huanza kuona njaa. Maeneo ya wafugaji hayako mbali, na mbuzi na kondoo huletwa kutoka masoko ya mifugo ya pande mbalimbali za Bonde la Ufa. Isitoshe, ushindani ni mkali: mteja asiyeridhika ana bucha nyingine hatua kumi tu mbele. Ushindani huo ndio unaomlinda mlaji kuliko tangazo lolote.

Utaratibu wa kununua ni huu. Mteja huenda kwenye dirisha la bucha na kuchagua mwenyewe kipande anachotaka kingali kibichi: mguu, mkono, mbavu au mgongo. Nyama hupimwa kwa kilo na bei kukubaliwa kabla haijapelekwa jikoni. Hutiwa chumvi, ikawekwa juu ya makaa, ikageuzwa bila pupa. Mguu mzima huhitaji muda wa saa moja hivi, mbavu huwahi. Ikiiva, mchomaji huileta mezani juu ya ubao na kuikatakata mbele ya walaji, pamoja na rundo dogo la chumvi pembeni. Ugali, kachumbari ya nyanya, vitunguu na dhania, na pilipili huagizwa kando. Wakati wa kungoja, kikombe cha supu ya mifupa hutuliza tumbo.

Makosa ya wageni ni machache na yanajirudia. La kwanza ni kumfuata kijana wa kwanza anayeshika mlango wa gari. Vijana hao hufanya kazi halali ya kuvuta wateja, lakini si wao wanaochoma nyama. Ni bora kushuka, kutembea kidogo na kutazama ni wapi wenyeji na madereva wa matatu wanakula. La pili ni kuagiza kwa kutaja idadi ya watu badala ya kilo, kisha kushangaa wakati wa kulipa. Mizani itazamwe ikiwa tupu, mshale ukiwa kwenye sufuri, kabla ya nyama kuwekwa. La tatu ni kukubali nyama iliyokwisha kuchomwa kwa kuchelea kungoja. Nyama iliyopashwa moto mara ya pili hukauka, na hapo ndipo watu huondoka wakidai sifa za Kikopey ni porojo. Wanaoijua barabara hupiga simu wakiwa Naivasha na kukuta mguu unageuzwa mara ya mwisho.

Muhuri wa wino wa mkaguzi wa nyama uwepo kwenye mzoga. Hiyo ni sheria ya nchi, na mteja ana haki ya kuuona bila kuitwa msumbufu. Msafiri Mwislamu naye aulize kuhusu uchinjaji kabla ya kuagiza.

Kati ya mbuzi na kondoo, wengi huchagua mbuzi kwa mazoea. Kondoo ana mafuta zaidi, na mafuta hayo yakidondoka makaani moshi wake hurudi kwenye nyama. Katika baridi ya Elmenteita jioni, mbavu za kondoo huwashinda mbuzi wengi. Hili ni suala la ulimi, na meza nyingi za Kikopey zimewahi kuligombania bila kufikia suluhu.

Vinywaji vileo huuzwa katika baadhi ya hoteli hizo. Dereva ayaache. Barabara iliyo mbele, hasa baada ya Nakuru kuelekea Salgaa na Sachang'wan, ni miongoni mwa zile zilizoua watu wengi zaidi nchini.

Biashara ya Kikopey imepata kuona siku ngumu. Mapema mwaka 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi, vizuizi viliwekwa katika barabara hiyo kuu na usafiri ukakwama. Mwaka 2020 amri ya kutotoka nje usiku, iliyoanza Machi 27 kwa sababu ya virusi vya korona, ilifuta mlo wa jioni. Machi 2021 Nakuru ilikuwa miongoni mwa kaunti tano zilizofungiwa, pamoja na Nairobi, Kiambu, Kajiado na Machakos, na hoteli zikaruhusiwa kuuza chakula cha kubeba tu hadi vizuizi vilipoondolewa Mei. Nyama choma ya kubeba ni jambo gumu. Ubao, kisu na kelele za meza ya jirani ni nusu ya mlo wenyewe.

Nakuru, jiji la ngano na maziwa

Nakuru ilipata hadhi ya jiji Desemba 1, 2021, na kuwa la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Mji huu uliokua kutokana na reli na mashamba ya walowezi uliitwa kwa muda mrefu makao makuu ya wakulima, na jina hilo bado linaonekana katika kile unachowekewa mezani. Katika wilaya ya zamani ya Njoro, kilomita chache magharibi, Lord Delamere alijaribu kilimo cha ngano na kuangushwa na ugonjwa wa kutu. Mwaka 1908 alianzisha kampuni ya kusaga nafaka ya Unga. Hadi leo kituo cha utafiti cha Njoro huchunguza aina za ngano kutoka nchi mbalimbali ili kupata zile zinazohimili kutu. Chapati na mandazi ya kandokando ya soko la Nakuru yana ukoo mrefu kuliko yanavyodhaniwa.

Kifungua kinywa cha mjini ni chai ya maziwa iliyochemshwa pamoja na majani, si chai iliyotiwa maziwa baadaye. Katika sehemu zenye baridi kama hii, yapata mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, tofauti hiyo si ndogo. Mchana, hoteli za kawaida hutoa githeri, mukimo, matumbo, ndengu na samaki wa kukaanga. Karibu na misikiti, na katika mitaa mikongwe kama Bondeni, msafiri hupata pilau, mahamri na viazi vya karai vinavyomkumbusha Pwani.

Peremende na vitamutamu vya Nakuru vina deni kwa familia za Kihindi zilizofungua maduka mjini tangu enzi ya reli. Jalebi zilizozama katika sharubati ya sukari, chevda yenye karanga na pilipili, na sambusa za mboga bado hupatikana katikati ya mji. Jalebi ziliwe siku iyo hiyo. Kesho yake huwa laini na kupoteza ule mlio wa kuvunjika mdomoni, ambao ndio sababu ya kuzinunua.

Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba maduka makubwa ambayo kwa miongo miwili yaliuzia Wakenya mkate, keki na kuku wa kuoka yalichipuka eneo hili. Jina Nakumatt lilitokana na duka la magodoro la Nakuru. Tuskys ilianzia Rongai, si mbali na mji huo. Naivas ilichukua jina lake kutoka Naivasha. Nakumatt na Tuskys ziliporomoka kufikia mwaka 2021, Naivas ingalipo.

Maziwa hayakosi. Jibini na yogati za kampuni ya Happy Cow hutengenezwa mjini Nakuru. Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo huko Njoro, kina kiwanda chake cha maziwa, na wanaokwenda kutazama kasri la Lord Egerton hufanya vyema kuuliza bidhaa zake. Mjini Naivasha nako kuna chuo cha serikali cha mafunzo ya maziwa, kwa yeyote anayetaka kujua kwa nini eneo hili limeshikilia biashara hii kwa muda mrefu.

Samaki wa Ziwa Nakuru ni suala tofauti. Ziwa liko ndani ya mbuga ya taifa, na maafisa wamewahi kuuonya umma dhidi ya kula samaki wanaovuliwa humo kwa siri kutokana na hofu ya sumu za madini. Anayeuziwa samaki mjini kwa bei ya kutupa na aulize wametoka wapi.

Asali ya Baringo

Barabara inayotoka Nakuru kuelekea kaskazini ni nyembamba, na hushuka taratibu kuelekea joto. Mogotio ni pahali pa kuvuka ikweta. Kuanzia hapo, chupa za asali huonekana zimepangwa juu ya meza za mbao chini ya migunga, nyingine zikiwa za soda, nyingine za pombe kali, zote zimejaa hadi shingoni. Marigat, kilomita 100 hivi kutoka Nakuru, ndipo biashara hiyo ilipokolea.

Watugen na jamii jirani wamefuga nyuki tangu jadi kwa mizinga ya magogo iliyotundikwa mitini, na mizinga ya kisasa ya mbao imeongezeka pembeni mwake. Nchi kame yenye migunga haina mengi ya kuuza, lakini ina maua baada ya mvua. Kwa familia nyingi asali ndiyo karo ya shule. Kwa sababu hiyo, chupa moja ya bandia huwaumiza watu wawili: aliyenunua, na mfugaji wa nyuki aliye meza ya tatu ambaye hatarudiwa tena na mteja yule.

Udanganyifu upo, na hufanywa kwa sukari iliyochemshwa. Wasafiri wamerithi majaribio mengi ya kuutambua: kuwasha kiberiti kilichochovywa, kudondosha tone kwenye mchanga, kuangalia kama sisimizi watakuja. Hakuna hata moja kati ya hayo la kutegemewa. Sisimizi hawana ubaguzi kati ya asali na sukari. Kilicho bora ni kuonja kabla ya kulipa, kununua kwa muuzaji mwenye meza ya kudumu au katika ghala la chama cha ushirika, na kutafuta alama ya Shirika la Ubora wa Bidhaa kwa asali iliyofungwa kiwandani. Asali inayoganda na kuwa chembechembe haijaharibika wala si lazima iwe na sukari. Asali nyingi halisi huganda, na ikiwekwa chupa yake ndani ya maji ya vuguvugu hurudi kuwa maji. Harufu ya moshi nayo si dosari, bali ni alama ya mrina aliyetumia mwenge. Watoto wachanga wasiotimiza mwaka mmoja wasipewe asali hata kidogo, iwe safi namna gani, kwa kuwa yaweza kubeba vijidudu vinavyowadhuru.

Marigat pia ina matikiti maji na mapapai, mengi yakitoka kwenye mashamba ya umwagiliaji ya Perkerra yaliyoanzishwa katika miaka ya 1950. Tikiti la Marigat, likipasuliwa kando ya barabara wakati jua la saa nane linawaka, halina mpinzani katika safari hii nzima.

Karibu na hapo, katika Ziwa Bogoria, wageni wamezoea kubeba mayai mabichi na kuyachemsha katika chemchemi za maji moto. Baadhi ya chemchemi hizo zimemezwa na ziwa lililopanda, na waelekezi ndio wanaojua zilizosalia na zilizo salama kukaribiwa. Kampi ya Samaki, kwenye Ziwa Baringo, bado huuza tilapia wa kukaanga na kamongo, ingawa maji yaliyopanda hadi kufikia mwaka 2020 yalizamisha hoteli kadhaa za kitalii ufuoni.

Kupanda kuelekea Mau

Anayeendelea magharibi badala ya kaskazini hupanda hadi Molo, nchi ya ukungu, viazi na kondoo. Kondoo wa Molo walipata sifa katika majedwali ya vyakula ya hoteli kubwa za Nairobi, na viazi vya hapa vikikaangwa vibichi kutoka shambani huwa na ladha ambayo viazi vilivyolala ghalani haviipati.

Huku ndiko pia mursik inakopatikana kwa urahisi zaidi. Ni maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kiitwacho sotet, ambacho ndani yake husuguliwa kwa makaa ya mti wa senetwet na kuyapa maziwa rangi ya kijivu na ladha ya moshi. Wanariadha wanaorudi na medali hupokewa uwanja wa ndege kwa kinywaji hicho. Mgeni anayekionja mara ya kwanza aanze kwa kikombe kidogo, pamoja na ugali wa moto.

Barabara inapopanuliwa

Vituo vyote vya barabara kuu vilivyotajwa vinategemea jambo moja dogo: uwezo wa dereva kupunguza mwendo, kukunja usukani na kuegesha. Novemba 2025 Rais William Ruto alizindua upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, yenye urefu wa kilomita 175, pamoja na ile ya chini ya Rironi, Mai Mahiu hadi Naivasha yenye kilomita 58. Mkataba wa awali na kampuni za Ufaransa, uliotiwa saini mwaka 2020, ulikuwa umefutwa, na kazi ikakabidhiwa kampuni za China kwa ushirikiano na Hazina ya Taifa ya Malipo ya Uzeeni. Serikali ilisema inalenga kuikamilisha mwaka 2027, na watumiaji watatozwa ada.

Haja ya barabara hiyo haina ubishi. Misongamano ya sikukuu na ajali za kugongana ana kwa ana zimeomboleza familia nyingi mno. Hata hivyo, barabara pana yenye ukuta katikati haitoi nafasi ya kukata kona kufuata moshi ulioonekana ng'ambo. Mchoma nyama aliye upande wa kwenda Nakuru hatamwona tena msafiri wa kurudi Nairobi, na kibanda kilicho kwenye hifadhi ya barabara hakina hati ya kudai fidia.

Mfano haupo mbali. Treni ya kisasa ilipoanza kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017, na baadaye makasha ya mizigo, hoteli za Mtito Andei zilizozoea mabasi usiku kucha zilibaki na viti vitupu. Hakuna aliyeamua kuziua. Wasafiri waliacha tu kusimama.

Kikopey ina nafasi nzuri kuliko Mtito Andei, kwa sababu watu huenda huko kwa hiari, si kwa kukosa pengine. Wapo wanaotoka Nakuru mjini Jumapili kwa ajili ya nyama pekee. Ikiwekewa barabara ya pembeni, kivuko cha waendao kwa miguu na maegesho, yaweza hata kunufaika, kwani kuvuka barabara hiyo kwa miguu sasa ni kuchezea uhai. Wa kuhofiwa zaidi ni wasio na jengo: mchuuzi wa plamu, mama wa mahindi, kijana wa karoti wa Kinungi. Biashara yao yote ni dirisha la gari lililosimama.

Kwa sasa wangalipo. Anayerudi Nairobi Jumapili alasiri na ajaze mafuta Nakuru, apite Kikopey kabla ya saa tisa ambapo foleni ya magari huanza kurefuka, na aache nafasi nyuma ya gari kwa ajili ya viazi vya Soko Mjinga.